Aliyepokea Ni Fundi Saa

4 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Kikohozi kimekuachia? Huo mvuke wa kufulia mashuka ya hospitali usiudharau. Funga kitambaa puani hata kama wenzako wanacheka. Sisi wazima. Mama miguu inamsumbua asubuhi tu. Jua likishapanda ananishinda kutembea.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu sote tunajua simu zetu zinavyokwisha. Dakika ya kwanza salamu, ya pili hali ya hewa, ya tatu umenikatia au nimekukatia. Kwenye barua hakuna wa kumkatia mwenzake.

Barabara inapanuliwa. Wamepita na rangi nyekundu, wamechora alama kwenye ukuta wa karakana na kwenye nyumba. Sikatai barabara. Magari yakiongezeka, na mageti yatauzika. Ila wamesema hivi: mwenye hati kwa jina la mtu aliye hai atapewa kiwanja kingine kule mbele kwenye tambarare. Asiye nayo kufikia tarehe thelathini Juni, atapewa muda wa kutoa vyombo, basi. Kiwanja chetu kina hati. Hati ina jina la Baba.

Nilianza na mashine moja ya kuchomelea, tena ya kuazima. Leo ninazo nne na mafundi sita. Vyote hivyo vimesimama juu ya jina la mtu ambaye kwa miaka kumi na saba hatujaona hata kivuli chake.

Nimekwenda mahakamani. Karani anasema mtu aliyepotea muda huo anaweza kutangazwa amekufa, hati ikaja kwetu. Inatakiwa karatasi moja ya kiapo, ikishapigwa muhuri wa kupokelewa watu wa barabara wanatuhesabu. Mimi nimesaini. Mama ameweka dole gumba. Wewe saini mbele ya wakili huko huko. Chini kuna mashahidi wawili waliomfahamu: wa kwanza ni jirani yetu fundi viatu, ameshasaini. Wa pili mtafute wewe, kama huko yupo mtu yeyote wa kwetu anayemkumbuka. Wanataka karatasi yenyewe na wino wenyewe. Picha ya simu hawaipokei.

Naituma kwa mtu anayesafiri kesho. Irudishe kwa kampuni ya vifurushi. Anwani: Karakana ya Mageti, geti la kijani, mkabala na kinu, na namba yangu. Geti nililipaka rangi mwaka jana, halipotezi mtu.

Najua una ya kusema. Yaseme baada ya kusaini.

Dada yako


22 Machi

Dada,

Shikamoo, na ya Mama nifikishie kwa heshima zote. Kikohozi kipo kidogo, kinapenda saa za kuamka. Nimefunga kitambaa na wenzangu wamecheka kama ulivyosema.

Nimesaini. Wakili aliuliza, "Baba yako alikufa lini?" Nikamwambia ndicho tunachoapia hapa, kwamba hatujui. Akanitazama kama mtu aliyeletewa mgonjwa asiye na ugonjwa. Shahidi wa pili sikumpata. Hapa hakuna mtu anayemjua hata mimi, sembuse Baba. Nafasi nimeiacha wazi, umtafute huko.

Nilipokuwa nasaini nilimwona kama asubuhi ile aliyoondoka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kiwanda cha magodoro kilikuwa kimehamia mji mwingine na wafanyakazi wake wote, saa walizompa Baba azitengeneze zimebaki mezani kwake. Akazifungia kila moja kikaratasi chenye jina, akazitia kwenye mfuko, akasema anawapelekea wenyewe. Nilimshikia mfuko akifunga viatu. Zilikuwa zinapiga humo ndani zote pamoja, kila moja na mwendo wake, kama wadudu. Kisha Mama akaenda kumtafuta kule kule kiwanda kilikohamia, akarudi akasema hakufika. Alipotea njiani. Mpaka leo mashine zikianza kuzunguka hapa kazini, moja baada ya nyingine, mimi nasikia ule mfuko.

Bahasha nimeipeleka Jumatatu. Wamesema siku kumi.

Mdogo wako


12 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini umzima. Mama mzima. Mimi sina hakika.

Siku kumi zilipita, zikaongezeka nyingine. Leo nimekwenda mwenyewe ofisini kwao. Kaunta safi, maua ya plastiki, kijana wa watu ana tai.

"Mama, mfumo unaonyesha mzigo umeshapokelewa."

"Mfumo ndiye nani? Mwite aje aniambie usoni."

"Mfumo ni kompyuta, mama."

"Basi iulize, huyo aliyepokea alikuwa amevaa nini?"

Akachapa risiti, akanigeuzia. Mzigo umepelekwa kwenye ule mji wa kiwanda. Mji ule ule. Mpokeaji: Fundi Saa. Na sahihi chini.

Nikaomba kuona anwani uliyoandika. Mdogo wangu, unajua ulichoandika? "Kwa Fundi Saa, nyuma ya kiwanda cha magodoro." Kiwanda kimehama una miaka kumi na mmoja! Mtu mzima, una ndevu, unaandika anwani uliyofundishwa darasa la tano ili usipotee! Na namba ya simu ni ile ya Mama iliyokufa zamani.

Najua mkono huandika ulichozoea. Kwetu hakuna namba za nyumba, na mtaa mzima bado wanasema "kwa Fundi Saa" ingawa geti langu lina maandishi makubwa kama ya benki. Lakini watu wa vifurushi si wa mtaani kwetu. Wao wanajua kiwanda kilipo leo. Mpelekaji alikwenda, akauliza Fundi Saa ni nani, watu wakamwonyesha.

Nikasema wamekosea, wakachukue. Yule wa tai akanijibu kwa adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyonichoma: "Mzigo umeandikwa Fundi Saa. Umepokelewa na Fundi Saa. Sisi tumekosea wapi?"

Nikasimama pale mpaka akapiga simu tawini kwao. Mpelekaji akarudi kwa mpokeaji kumwomba bahasha. Jibu lililokuja: mzigo ni wake.

Mafundi saa ni wengi duniani, usianze kuota. Ni mzee fulani amepata bahasha ya bure. Nenda kwa wakili usaini nyingine, mimi na Mama tutasaini upya hapa, muda upo. Picha ya risiti nakuwekea, uone kazi ya anwani yako.

Dada yako


21 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara tatu. Sijui nianze na salamu gani kwa habari kama hii, basi nisamehe nikianza nayo moja kwa moja.

Unaikumbuka saa aliyonipa Baba nilipofaulu? Haitembei, lakini ninayo. Mafundi saa wana desturi yao: wakishatengeneza saa, wanakwaruza alama ndani ya mfuniko wa nyuma, ili ikirudi wajue iliguswa na mkono wao au wa mwingine. Yake alikuwa ananionyesha. Duara dogo lenye mshale mmoja, umeelekea chini kushoto, kama saa iliyopoteza mshale wa dakika.

Nilipoona sahihi kwenye risiti nilichukua kisu cha mezani nikafungua mfuniko. Nimeziweka pamoja, saa na picha. Mwenzangu wa chumbani aliniuliza kama nimepata msiba. Nikamwambia sijui, huenda ni kinyume chake.

Ni ile ile, Dada. Hata ule mkwaruzo unaotoka kidogo nje ya duara.

Siwezi kusaini nyingine. Siwezi kuapa amekufa mtu aliyesaini kupokea mzigo wangu. Bahasha ile ilikuwa na kiapo chetu ndani. Umefikiria hilo? Mpelekaji alimpigia hodi Baba akamkabidhi kifo chake, akamwomba aweke sahihi kwamba kimefika salama.

Mdogo wako


25 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Wote wazima.

Alama inaigwa. Na kama haikuigwa, basi sikiliza. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nasomea ualimu. Niliacha ili wewe umalize shule, nikaenda kushika taa ya kuchomelea kwa mtu aliyekuwa ananiita "binti kaptula". Macho yangu yamekula moto huo miaka yote. Kama wakati wote huo alikuwa amekaa mahali na meza yake, anabadilisha watu mikanda ya saa, kwangu amekufa mara mbili. Mahakama ndiyo imechelewa.

Wewe hutaki kusaini, sawa. Ile uliyosaini ipo. Jumatatu naifuata.

Dada yako


13 Mei

Dada,

Shikamoo. U hali gani? Jumatatu ile imepita, na nyingine, na nyingine. Kila siku naulizia barua nikitegemea neno lako.

Nimempigia Mama. Nikamwuliza, "Dada yuko wapi?" Akasema, "Anachomelea." Nikapiga kesho yake, akasema, "Anachomelea." Nyuma yake nilisikia jiwe la kusagia chuma, halinyamazi. Nikasema, "Mama, alikwenda kule?" Akasema, "Kula vizuri, mwanangu," akakata. Mama hajawahi kukata simu. Huwa anaisahau wazi mezani mpaka salio linakwisha.

Andika hata mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Mdogo wako


27 Mei

Mdogo wangu,

Sijambo. Mama hajambo. Nimekawia kwa sababu kila nikikaa kuandika, mkono unatafuta kazi nyingine. Nimetengeneza mageti ambayo hayajaagizwa na mtu.

Nilifika mji ule mchana. Kiwanda unakiona toka stendi, jengo refu la bati la bluu. Mpelekaji wao nilimpata tawini, mtu mzima mwenye mvi, mwenye haya. Nikamwuliza kama alidai kitambulisho. Akasema, "Dada, niliuliza Fundi Saa, watu wote pale getini waliinua kidole kwa pamoja. Ningedai kitambulisho gani zaidi ya hicho?" Akanipeleka kwa pikipiki, hakutaka nauli.

Ni chumba cha mbele cha nyumba. Meza imewekewa kioo, chini ya kioo mikanda ya saa. Nyuma rafu, nyuma ya rafu pazia la maua. Mezani alikaa msichana wa miaka kama kumi na minne, ana lenzi jichoni. Alipoitoa kunitazama, nililiona paji la uso wangu kwa mtu mwingine.

"Fundi yupo?"

"Baba hayupo. Amekwenda kununua betri. Saa yako ina nini?"

Nikavua saa yangu ya mkononi nikampa. Akaifungua kwa ncha ya kisu kama mtu anayemenya tunda, akabadilisha betri, kisha akakwaruza kitu ndani ya mfuniko, haangalii hata, kama mtu anayeandika jina lake mwenyewe. Nikamwambia nionyeshe. Duara, mshale mmoja. "Ni alama yetu hiyo," akasema. "Ikiharibika ndani ya miezi mitatu rudi, hulipi."

Alama yetu.

Bahasha ilikuwa kwenye rafu. Mwandiko wako. Imekatwa pembeni vizuri, kwa kisu, na karatasi imerudishwa ndani. Ningenyoosha mkono ningeipata. Hicho ndicho nilichofuata, hiyo ndiyo karakana yangu na mafundi wangu sita, ipo hatua moja kutoka kwenye vidole vyangu.

Ndipo nyuma ya pazia mtu akakohoa. Mara moja. Kisha akajizuia. Mtu anayezuia kikohozi anasikika kuliko anayekohoa. Mdogo wangu, ni kikohozi chako. Kile kile, kinachoanza juu na kushuka. Msichana akainamia meza, masikio yakamwiva. Mimi nikavaa saa yangu, nikalipa, nikatoka. Jina langu sikusema. Bahasha sikuigusa. Mpaka leo sijui mkono wangu ulitii amri ya nani.

Nimerudi nikamkuta Mama anakunja nguo. Nikakaa kitandani.

"Mama, ule mwaka ulipokwenda kumtafuta. Ulimwona?"

Akamaliza kukunja shuka, kona kwa kona. "Nilimwona."

"Ukatuambia hakufika."

"Nilimwambia turudi. Akasema, nenda ukawaambie sipo. Nikaja nikawaambia." Akachukua nguo nyingine. "Ni kitu cha mwisho alichonituma. Nilikuwa sijazoea kumkatalia."

Nikamwuliza kwa nini aliondoka. Akasema Baba hakumwambia, na yeye hakuuliza mara mbili. Nikamwuliza kwa nini basi ameweka dole gumba kwenye kiapo. Akasema, "Wewe ndiye uliyenituma safari hii."

Sasa unajua kwa nini nachomelea.

Dada yako


4 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya marobota ya mashuka machafu, zamu ikanipita.

Sina hasira na Mama. Sijui kama ninayo na Baba. Najisikia nikikohoa sasa, halafu nanyamaza nisikilize kama mtu mwingine atajibu.

Lakini yupo, Dada, na akiwa yupo mambo ni mepesi. Mwenye kiwanja akiwa hai anaandika karatasi moja ya kukukabidhi, anasaini, imekwisha. Hakuna kiapo, hakuna marehemu. Mwombe. Huna haja ya kumwona uso. Mtumie tu karatasi.

Usimwue kwa ajili ya geti.

Mdogo wako


10 Juni

Mdogo wangu,

Umeamkaje? Mama anakusalimu, amesema ule.

Juzi saa za chakula cha mchana pikipiki ilisimama nje. Siku hizi pikipiki ikipunguza mwendo Mama anaacha kutafuna. Mpelekaji akapiga hodi, akataja jina langu kamili. Nikasaini. Ni mzigo wa kwanza ambao kampuni ile imewahi kuniletea mlangoni bila kukosea.

Ni ile karatasi yetu. Imekunjwa vizuri, haina doa. Sahihi yangu, dole la Mama, sahihi yako, fundi viatu. Na ile nafasi uliyoiacha wazi imejazwa. Pale juu yake pameandikwa, nakunakilia neno kwa neno: "Nathibitisha kwamba nilimfahamu mtu aliyetajwa hapo juu, na kwamba kwa miaka kumi na saba sijamwona wala kusikia habari zake." Chini ya maneno hayo, duara lenye mshale mmoja.

Hakuweka kikaratasi kingine. Hata salamu hakuna. Niliitikisa bahasha kama mtu anayetafuta chenji.

Nimepiga hesabu yake kwa kila upande. Fundi viatu anajulikana mtaani, anatosha; huyu wa pili ni nani karani hatajali, kwa hiyo karatasi imekamilika. Kiwanja ni chetu. Lakini angeweza kufanya kile ulichosema wewe. Angechukua karatasi nyeupe akaandika, mimi fulani, namkabidhi binti yangu. Wino ni ule ule, posta ni ile ile. Kati ya kunipa kiwanja akiwa baba na kunipa akiwa maiti, amechagua maiti.

Halafu kuna hili, nalo ndilo linaloninyima raha. Bahasha yako haikuwa na anwani yangu. Kule sikusema jina. Lakini yeye ameandika kila kitu: Karakana ya Mageti, geti la kijani, mkabala na kinu, na namba yangu kama nilivyoichora kwenye bati. Geti hilo nimelipaka rangi mwaka jana. Maana yake katika mwaka huu mmoja amesimama mbele yake akasoma. Labda mimi nilikuwa ndani na miwani ya kuchomelea. Labda alikuja kuulizia bawaba nikamjibu bila kuinua uso; wazee huja, wanauliza bei, wanaondoka. Sasa kila mzee anayepita namkagua mikono.

Nimefanya ulivyotaka. Nimechukua fomu ya makabidhiano, ya mtu hai, nimejaza kila kitu, imebaki sahihi yake tu. Nimeituma leo. Juu nimeandika ile anwani yako ya kitoto, Kwa Fundi Saa, nyuma ya kiwanda cha magodoro, maana ndiyo inayofika. Nimeweka na kikaratasi: "Baba, ukisaini hii hutanidai na mimi sitakudai."

Ikirudi kabla ya mwisho wa mwezi, kile kiapo nakichoma kwa mashine.

Dada yako


23 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimeshindwa kungoja.

Imefika? Nafungua ukurasa wa kampuni asubuhi, mchana na nikitoka kazini. Unasema tu "imetolewa kwa mpelekaji". Siku ya nne leo maneno ni hayo hayo. Nimempa fundi wa hapa ile saa yangu, ameifufua. Inapiga sasa. Nimeiweka chini ya mto nikaitoa, nikaiweka kabatini, bado naisikia.

Atasaini. Mtu asiyejali hakati bahasha vizuri vile.

Mdogo wako


1 Julai

Mdogo wangu,

Salamu zako na heshima zako Mama amezipokea. Kikohozi usikizuie. Kohoa.

Fomu ilirudi tarehe ishirini na nane. Haikufunguliwa. Juu wamebandika karatasi ya njano, sababu ya kurudishwa: Mpokeaji hayupo.

Nikampigia yule mpelekaji mwenye mvi. "Mlango ulifunguliwa?"

"Ulifunguliwa. Na yule binti."

"Akasema nini?"

"Nilimwambia mzigo wa Fundi Saa. Akageuka akauliza ndani. Kisha akarudi akasema hayupo."

"Alimwuliza nani ndani?"

"Hilo sikuuliza, dada. Mimi kazi yangu inaishia mlangoni."

Mama alikuwa amekaa karibu, simu ina sauti kubwa. Akasema, "Na huyo mtoto naye ametumwa." Akainuka akaenda kulala, jua bado lipo.

Tarehe thelathini nilifika mahakamani hawajafungua. Wewe hukutaka, najua, na sahihi yako imo. Nimeitumia. Ukitaka kunilaumu andika, nitasoma mpaka mwisho. Wewe ulimwomba awe hai, mimi nikamwomba awe hai, kwa maandishi, gharama juu yangu. Siwezi kumlazimisha mtu.

Karani alipitisha kidole kwenye majina, akasimama pale chini.

"Huyu shahidi wa pili alimfahamu marehemu?"

"Kuliko sisi."

"Hii ndiyo sahihi yake? Duara hili?"

"Ndiyo sahihi yake."

"Akihitajika anaweza kuja?"

"Hawezi. Yuko mbali."

"Ni nani kwenu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote isipokuwa hilo. Nikamwambia, "Fundi. Alikuwa anatutengenezea saa."

Akagonga muhuri.

Watu wa barabara wameuona muhuri, tumepewa kiwanja kule tambarare, kipana kuliko hiki. Wiki ijayo tunahama. Mafundi wananiambia pale rangi ya kijani haitaonekana, nyuma yote ni majani, nipake nyekundu au njano wateja wasipotee. Wana haki, kibiashara.

Geti jipya nimelimaliza jana. Nimelipaka kijani kile kile. Usiniulize.

Dada yako